Hodi ya Papa Tolie

Ko. Ko. Ko. Pwa.

Sauti hiyo haikutoka mdomoni. Ilitoka kwenye kifundo cha kidole cha kati cha Papa Tolie, kikigonga bati la gari pole pole kuanzia mbele kwenda nyuma: ko, ko, ko, halafu ghafla pwa, kama umegonga papai lililoiva kupita kiasi. Hapo alisimama, akachora duara kwa chaki, akasonga mbele. Mpaka leo mtu akigonga kitu cha bati karibu nami, geti au sufuria, nageuka kabla ya kujiuliza nageukia nini.

Alikuwa tolie. Huku kwetu Rusizi, mpakani mwa Rwanda, na ng'ambo Bukavu, upande wa Kongo, pia, tolie ni fundi wa bati la gari. Ananyoosha palipobonyea, anatoa rangi ya zamani, anatoa kutu, anaacha gari uchi kabisa, tayari kwa rangi mpya. Tulimwita Papa Tolie. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani, na hata yeye mwenyewe alichelewa kuitika.

Mimi nilikuwa nauza chai na mandazi kwenye ukuta wa garaji yao, pale barabara inapoteremka kutoka Kamembe kwenda mpaka wa Rusizi ya Pili. Shule niliacha katikati ya sekondari, lakini kuota sikuacha. Niliota mgahawa wenye viti vya migongo mirefu. Niliota mwanaume anayejua kucheka. Niliota nimekaa ndani ya gari la zamani linalong'aa, shela langu linapepea dirishani, watoto wanakimbia nyuma. Papa Tolie aliniita Maman Chai, ingawa mtoto sina.

"Mutoto wako ni ile termosi," alikuwa akiniambia. "Unaibebaka muzuri kuliko bamama bengine."

Ukitaka kujua anashughulika na gari gani, ulimwangalia nyusi. Vumbi la rangi lilikaa pale na halikutoka kwa sabuni yoyote. Wiki ya nyusi za kijani ilikuwa wiki ya lori la mchele la kutoka Bugarama. Nyusi nyeupe zilitufanya tumpe pole ya kuzeeka kwa siku moja. Na siku za kutu alikuwa mwekundu mzima, kuanzia kope hadi viatu, akipiga chafya leso inarudi na rangi ya tofali. Kichwa tu ndicho kilisalimika, maana hakuvua kofia. Ilikuwa kofia ya duara, yenye ukingo mpana. Ikichakaa, alizunguka kwenye mitumba mpaka apate nyingine ya mtindo ule ule, hata kama ni ya mwanamke. Nilidhani ni mapambo.

Kutu aliichukia kama mtu anavyomchukia mtu. Aliiita kwa Kinyarwanda, umugese, na alipotamka alikunja pua. Wateja wengi hawakutaka mambo marefu. Walitaka mastike kidogo ya kuziba mashimo, rangi juu, gari liondoke. Yeye alikataa.

"Wee muntu, kupaka rangi juu ya umugese ni kuvalisha maiti kravati. Batu batasema amependeza. Lakini ataamuka?"

Basi anaanza. Moto kwanza, mpaka rangi inavimba na kutoa malengelenge, harufu yake inakuja mpaka kwenye chai yangu. Halafu chuma bapa la kukwangua, halafu brashi ya waya, halafu msasa wa maji, mkubwa kwanza, mdogo mwisho. Alipofika kwenye bati tupu alilipitishia kiganja akiwa amefumba macho, kama mtu anayepapasa paji la uso la mgonjwa, kisha akasema, "Sasa unapumua."

Aliyefanya kazi naye pale alikuwa fundi wa injini, Mekanisie, mtu wa mdomo mrefu na moyo mzuri. Siku moja Papa Tolie alimkatalia mteja kwa maneno yale yale ya maiti kuvaa tai, mteja akaondoka amenuna, Mekanisie akachoka.

"Papa, unafukuza batu na hotuba. Na ule mulango wako pale, umeuvalisha nini?"

Papa Tolie aliinama akaendelea kukwangua. Mimi niligeuka nikatazama kona, kwa sababu jibu lilikuwa pale, chini ya turubai.

Lilikuwa gari lake mwenyewe. Gari la zamani, milango minne, taa za duara kama macho ya mtu aliyeshangaa. Tulilibatiza Mukecuru, yaani bibi kizee. Baada ya kazi za wateja, jioni kabla jua halijazama, alilifunua na kulikwangua kidogo kidogo. Miaka mingi nilimwona akifanya hivyo. Mbele kulikuwa tayari, paa tayari, milango mitatu tayari, yote kijivu safi ya rangi ya kwanza. Mlango wa nyuma wa kushoto tu hakuugusa. Ulibaki na rangi yake ya zamani, ya maziwa yaliyoungua, na juu yake kulikuwa na mchoro wa kutu.

Ndiyo, mchoro wa kutu. Kuna mtoto aliwahi kukwaruza mlango ule kwa msumari: mtu mwenye kofia kubwa kuliko tumbo, miguu kama njiti za kiberiti, na mkono mmoja mrefu mno, ulionyooshwa upande. Rangi ilitoka kwenye mistari, mvua ikaingia, kutu ikajaza. Kwa hiyo mistari yote ilikuwa ya kahawia, imechorwa na umugese wenyewe. Mwisho wa ule mkono mrefu kulikuwa na doa pana la kutu lisilo na umbo, kama wingu. Na kila mwaka mistari ilinenepa. Uso wa mtu wa kofia ulianza kuchimbika.

Kila alipoanza kazi kwenye Mukecuru alifanya kitu ambacho hakufanya kwa gari jingine. Aligonga mlango ule kwanza. Ko, ko, ko. Na akasema, kwa sauti ya chini, "Hodi."

Kisha akangoja kidogo, akaenda upande mwingine kukwangua.

Siku ya mvua kubwa, ile inayotoka ziwani ikiwa imelala ubavu, mimi nilikimbilia ndani ya Mukecuru. Turubai lilikuwa limefunuliwa upande mmoja. Nilikaa kiti cha nyuma, mandazi mdomoni, nikaanza kuota harusi yangu, mambo ya shela na watoto wanaokimbia. Nikasikia ko, ko, ko.

"Hodi."

Sasa mimi nimelelewa na mama wa Bukavu. Kwetu hodi haiachwi hewani. Hata ukiwa unaoga unaitikia. Mdomo wangu ulijibu kabla ya kichwa.

"Karibu!"

Nikachungulia dirishani. Alikuwa amesimama, kiganja juu ya mlango, maji yanamwagika kwenye ukingo wa kofia, na uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, kijana zaidi, wa kutisha kwa matumaini.

"Nani iko mule?" aliuliza.

"Ni mimi, papa. Mvua."

Kisha alifungua mlango wa mbele, akaingia, akakaa nyuma ya usukani bila kuniangalia.

"Usirudilie kujibu pale, Maman Chai. Ile karibu iko na mwenyewe."

Ndipo aliponiambia, mgongo umenigeukia, maneno machache. Alikuwa na binti. Gari lilikuwa nyumba yake ya mchezo. Baba akirudi kazini, anagonga mlango, hodi, na mtoto ndani anajibu karibu, halafu anauliza kwa sauti ya mtu mkubwa, weye ni nani, umetumwa na nani. Mchoro ni wa mtoto huyo. Halafu ikaja siku ya kukimbia vita, watu wote walitaka kuvuka daraja la mpakani kwa wakati mmoja. Alimshika mkono. Katikati ya daraja, mkononi mwake kulikuwa na mkono wa mtoto mwingine, wa watu wengine, na wake hayupo.

"Nilimurudisha ule kwa mama yake," alisema. "Wangu hakuna aliyemurudisha."

Aliporudi baadaye alilikuta gari limebaki mifupa, bila magurudumu, bila viti; hivi tulivyokalia aliviokoteza kwingine. Mlango ulikuwepo.

"Kama yuko, ni mama wa batoto sasa. Mimi hatanitambua, nimezeeka. Nafasi yetu ilishajengwa nyumba ya watu. Lakini akipita akaona ule mulango, atasimama. Muntu anasahau sura, hasahau kitu alichapiwa juu yake."

Nilielewa basi kwa nini hakuugusa. Nikaelewa pia kitu kibaya zaidi, ambacho yeye alikijua kuliko mtu yeyote Rusizi nzima: kutu haikai. Ile ile iliyoshika mchoro ndiyo iliyokuwa inaula. Akiitoa, anafuta mkono wa binti yake. Akiiacha, mvua chache zijazo zitaacha tundu. Ndiyo maana aligonga. Hodi ilikuwa ya mtoto, lakini sikio lilikuwa linasikiliza ko, likiogopa pwa ya bati lililoliwa.

Baada ya hapo nilimtazama kwa jicho jingine, na vituko vyake, hata ile kofia ya mtu wa mlangoni, vikapata maana bila kupoteza kichekesho. Alikuwa mtu wa kuishi juu ya mpaka ambaye havuki mpaka. Msasa mzuri ulipatikana Bukavu, dakika chache kwa miguu, akatuma watu. Ndugu zake walimwalika harusi ng'ambo, akatuma kitenge. "Miguu inakataa," alisema, na miguu hiyo hiyo ilipanda mlima wa Kamembe kila asubuhi ikiimba nyimbo za kanisa. Aliimba besi, kwa nguvu za kupasua kioo. Lakini wimbo ukifika mahali pa kusema tutaonana, alifunga mdomo, akakohoa, akaingia tena kwenye kiitikio. Niliketi nyuma yake Jumapili nyingi. Kikohozi hicho kilikuwa na saa yake.

Na alikuwa mchokozi! Alinitafutia wachumba kati ya wateja wake kwa kuangalia magari yao. "Yule usimukubali, amepaka gari rangi mara nyingi sana. Muntu wa kujificha." Mwingine alimsifu kwa sababu chini ya rangi yake kulikuwa na rangi ile ile. "Huyu ni muaminifu lakini hana mawazo. Utasinzia." Mimi nilicheka mpaka chai ikamwagika.

Chai kumwagika, hapo ndipo penyewe.

Nilikuwa nimeisahau birika juu ya makaa, chai kavu, haina maziwa wala sukari, imechemka mpaka imekuwa nyeusi na chungu kama dawa. Nilikuwa naenda kuimwaga nyuma ya garaji, nikapita karibu sana na Mukecuru, nikateleza. Ilimwagikia mlango. Juu ya kofia, juu ya mkono mrefu, tiririri mpaka chini. Nilifuta haraka kwa kitenge changu. Sikusema kitu, na yeye hakuona.

Aliona baada ya siku chache. Aliniita kwa sauti ambayo sikuipenda.

"Maman Chai. Njoo hapa."

Mistari ile iliyomwagikiwa chai ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena ya kahawia. Ilikuwa nyeusi, nyeusi ya wino. Nilianza kulia kabla hajauliza.

"Ulimwaga nini?"

"Chai, papa. Nisamehe. Niliteleza."

"Ya maziwa?"

"Kavu. Iliungua."

Alitia ukucha kwenye mstari mweusi, akakwaruza. Akaangalia ukucha. Akaenda kwenye mstari wa kahawia, akakwaruza, unga ukatoka. Akarudi kwenye mweusi. Hakuna unga. Alifanya hivyo mara nyingi, kama mtoto anayejaribu swichi ya taa. Kisha akavua kofia. Sikuwahi kumwona akiivua nje ya kanisa.

"Imenyamaza," alisema. "Umugese umenyamaza."

Mekanisie akaja, akanusa mlango, akasema, "Papa, na sukari tukiongeza je?"

"Sukari weka kwa mudomo wako, upunguze uchungu."

Kuanzia siku hiyo chai yangu iliyobaki haikumwagwa. Aliichemsha upya, akachagua unyoya wa kuku, akapaka mstari mmoja mmoja, kofia, tumbo, miguu ya njiti, akisubiri ukauke, akirudia mwanzo wa kila masika. Wingu hakulipaka. Nilidhani ni kwa sababu halikuwa sehemu ya picha, ni kutu tu ya bahati mbaya. Sikumuuliza.

Alikuja mtu wa kukodisha magari ya harusi, amevaa viatu vya ncha kali, akamtaka Mukecuru. Alisifu taa, akasifu paa, akafika kwenye mlango.

"Huu tunatupa, tunaweka mwingine."

"Chukua mulango wako mwingine," Papa Tolie alimjibu, "na utafute gari yake."

Mwanaume yule aliondoka akisema mzee amepotea kichwa. Nami, ambaye harusi yangu yote niliiota ndani ya gari hilo, nilifurahi kana kwamba nimekoswa na ajali.

Lakini barabara ya kwenda mpakani ilikuwa inapanuliwa, na garaji ilikuwa njiani. Alama nyekundu ya kubomolewa ilichorwa ukutani, juu kidogo ya benchi langu. Papa Tolie hakupiga kelele. Macho yalikuwa yameanza kufifia, vidole vilitetemeka hata vikishika kikombe, na mpwa wake wa Bugarama alikuwa anamwita siku nyingi akakae kwake. Mukecuru hakuwa na mahali pa kwenda. Yeye mwenyewe alifungua bawaba za mlango ule, akakataa kusaidiwa, skrubu zikamchukua asubuhi nzima. Gari lenyewe bila mlango lilikwenda na watu wa vyuma chakavu. Hakulitazama likiondoka. Mlango aliniletea mimi, ameukumbatia kama mgonjwa.

"Mimi naonaka kutu tu. Weye unaonaka batu. Uweke mahali bapita-njia bataona."

Basi kibanda changu kipya kiko chini zaidi, pale watu wa Bukavu wanapopita na mabeseni na mifuko kichwani, asubuhi wanakuja, jioni wanarudi. Mlango umesimama umeegemea nguzo, uso barabarani.

"Maman Chai, gari ingine iko wapi?" wateja wananiuliza.

"Inakuja," nawajibu. "Imetuma mulango mbele."

Wanacheka. Baadhi ya wanawake wanasimama, wa umri ule ambao nafikiri angekuwa nao, wanaangalia mtu wa kofia, na mimi nashika termosi bila kumimina. Halafu wanauliza bei ya mandazi.

Wateja wakaanza kunishauri. Picha ni nzuri, walisema, ila toa ile kutu ya pembeni, inaharibu. Waliona wingu kama nilivyoliona mimi. Nikanunua msasa mdogo, mzuri, wa kutoka Bukavu. Niliwaza nitalisafisha mpaka bati lipumue, nipake rangi ya maziwa, kisha nimpe habari Papa Tolie. Nilitaka kumpelekea zawadi.

Kabla sijaanza nilikwenda Bugarama kumwona.

Kule joto linakukaribisha kabla ya watu. Mpwa wake alinipeleka nyuma ya nyumba, upande wa mashamba ya mchele, mashine ya kukoboa inanguruma mbali. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Nilitafuta rangi ya gari ndani yake, nikakumbuka kwamba sasa ni mvi zake mwenyewe.

"Papa Tolie. Ni Maman Chai."

"Nimesikia termosi." Alinyoosha mkono hewani mpaka nikaushika. "Mulango uko?"

"Uko barabarani, papa. Unaangalia daraja."

"Na mvua?"

"Ninapaka chai."

"Bila sukari?"

"Bila sukari."

Alicheka, na kicheko kikawa kikohozi. Nikaona ni wakati mzuri. Nikamweleza kuhusu wingu, jinsi watu wanavyosema linaharibu picha, na msasa wangu mpya, na rangi nitakayopaka. Niliongea kwa furaha, haraka, kama ninavyoongeaga. Sikuona mapema kwamba mkono wake umekaza juu ya wangu.

"Umelianza?"

"Bado, papa."

"Usiliguse."

Mashine ya mchele ilinyamaza, ikaanza tena. Alikuwa anatazama mahali ambapo mimi sikuwepo.

"Ile siku nilimukuta na musumari, nilikasirika. Gari ilikuwa mupya kwangu. Nilimuchapa. Halafu nikamupatia msasa. Nikamuambia, hautakula mpaka umefuta yote. Alikuwa amejichora pembeni yangu, namushika mukono. Nilirudi kumuita kula. Unajua alikuwa ameanzia wapi?"

Nilitikisa kichwa.

"Alianza na yeye mwenyewe. Alijifuta kwanza. Mimi hakunigusa."

Hapo nikaelewa wingu. Palikuwa pale msasa wa mtoto ulipokula rangi mpaka bati, na bati tupu likapata kutu lote kwa pamoja. Mkono ule mrefu haukunyooshwa hewani.

"Nilimuambia acha, njoo ukule," alisema. "Hatukuongea tena juu yake. Halafu daraja." Akaachia mkono wangu, akatafuta kikombe. "Mimi sikuweza kupaka pale. Niliona kama nitamufunika."

Nilimmiminia chai, ya maziwa, yenye sukari nyingi, kama alivyopenda kunywa. Aliishika kwa mikono miwili. Hakusema nipake, hakusema nisipake. Nilipoaga alikuwa akigonga kikombe kwa kifundo cha kidole, taratibu, kichwa ameinamisha, anasikiliza.

Asubuhi yake nilifika kibandani kabla ya wateja. Nilichemsha majani mengi katika maji kidogo mpaka yakawa meusi na machungu. Msasa niliutia kwenye makaa ya jiko, ukatoa moshi mbaya, ukaisha. Nilipiga magoti mbele ya mlango na unyoya wa kuku, nikaanza mwisho wa ule mkono mrefu, nikapaka wingu lote mpaka kingo zake, pole pole, bila kubonyeza. Nikangoja likauke, nikapaka tena.

Kisha nikakunja kidole cha kati, nikagonga pembeni ya wingu.

"Hodi," nikasema.

Na mimi, niliyelelewa kwamba hodi haiachwi hewani, nikauma midomo, nikamwachia mwenyewe karibu yake.